Nani alimwekea mikono Caecilianus?

Karibu mwaka 311 Caecilianus aliwekewa mikono, yaani aliwekwa wakfu, kuwa askofu wa Karthago, na swali la nani alimwekea mikono liliwagawa Wakristo wa Afrika ya Kaskazini kwa zaidi ya miaka 100. Lakini kisa kinaanza nyuma kidogo. Tarehe 19 Mei 303, katika mji wa Cirta, ambao siku hizi unaitwa Constantine nchini Algeria, msimamizi wa mji Munatius Felix aliingia na watu wake kwenye nyumba walimokuwa wakisali Wakristo. Amri ya Kaisari Diocletianus ilikuwa imetoka mwezi Februari mwaka huo: makanisa yabomolewe, Maandiko yachomwe moto. Askofu Paulus alikuwa ameketi pamoja na mapadri wake, mashemasi wamesimama. Karani akaandika kila kilichotolewa, na maandishi yake yamebaki mpaka leo. Vikombe 2 vya dhahabu. Vikombe 6 vya fedha. Taa 7 za fedha. Taa 11 za shaba zenye minyororo. Kanzu 82 za wanawake, shela 38, kanzu 16 za wanaume, jozi 13 za viatu vya wanaume na jozi 47 za viatu vya wanawake.

Kila nikisoma orodha hii macho yangu huishia kwenye viatu. Jozi 47 za viatu vya wanawake haziwezi kuwa za mapadri. Bila shaka hiyo ndiyo stoo ambamo wajane na maskini wa mji ule walikuwa wakivishwa, na sasa inahesabiwa na serikali kama mali ya wahalifu.

Felix akadai vitabu. Askofu akajibu kwamba vitabu vinakaa kwa wasomaji. Makabati yalikutwa matupu. Shemasi mdogo Catullinus akaleta kitabu kimoja, kikubwa mno. Alipobanwa awataje wasomaji, yeye na mwenzake Marcuclius walijibu: sisi si wasaliti, tuko hapa, amuru tuuawe. Wakakamatwa. Msako ukaendelea nyumba kwa nyumba: vitabu 4 kwa Eugenius, 5 kwa fundi mmoja, 8 kwa Victorinus, 2 kwa Victor mwalimu wa sarufi. Nyumbani kwa Coddeo mume hakuwepo, mkewe akatoa 6. Jioni ilipofika serikali ilikuwa na vitabu zaidi ya 30 vya kuchoma.

Shemasi mdogo mwingine, Silvanus, ndiye aliyeleta sanduku la fedha na taa ya fedha, akasema amevikuta nyuma ya pipa. Mmoja wa wasakaji akamwambia: kama usingevipata, ungekuwa umekufa. Jina la Silvanus tulishike, maana litarudi.

Kosa lililotendeka siku ile kwa Kilatini liliitwa kukabidhi, na mtendaji aliitwa traditor. Ni neno lile lile lililotumika kwa Yuda alivyomkabidhi Bwana. Kanisa la Afrika ya Kaskazini liliona hivyo: aliyetoa kitabu amerudia tendo la Yuda. Na miaka 50 tu nyuma askofu wao mpendwa kuliko wote, Sipriani wa Karthago, alikuwa amefundisha kwa nguvu kwamba nje ya Kanisa hakuna ubatizo, na kwamba aliyempoteza Roho Mtakatifu hawezi kumpa mwingine. Mwaka 256 maaskofu 87 walikaa naye wakapitisha kwamba aliyebatizwa na wazushi abatizwe. Miaka miwili baadaye Sipriani alikatwa kichwa kwa ajili ya imani yake. Hoja iliyotiwa muhuri kwa damu ya namna hiyo haipingwi kirahisi, na anayetaka kuelewa yaliyofuata ni lazima aanze kwa kuiheshimu.

Sasa twende Karthago, karibu na Tunis ya leo. Askofu wa pale wakati wa mateso, Mensurius, alitumia akili. Aliyahamisha Maandiko, akaacha kanisani maandishi ya wazushi, wasakaji wakayachukua wakidhani wamepata walichokitaka. Alimwandikia Secundus wa Tigisis, askofu mkuu wa Numidia, mkoa wa Kirumi uliokuwa na Cirta, akimweleza hayo, na akaongeza kwamba hawapendi wale wanaojipeleka wenyewe mbele ya hakimu ili wauawe. Wengine, alisema, walikuwa wadaiwa na watu wenye makosa waliotaka kufa kwa sifa. Secundus akamjibu kwamba yeye alipoulizwa vitabu alisema: mimi ni Mkristo na askofu, si mkabidhi.

Barua hizo mbili zina mgogoro wote ndani yake. Mmoja anasema uhai wa waumini ulindwe kwa werevu, mwenzake anasema hapana, sema wazi na ufe.

Katika hali hiyo, Februari 304, kundi la Wakristo wa mji mdogo wa Abitina lililetwa Karthago mbele ya liwali Anullinus. Walikuwa wamekusanyika Jumapili kinyume cha amri. Mmoja wao alijibu neno ambalo bado linasomwa makanisani: bila adhimisho la Bwana hatuwezi. Waliteswa, wakafungwa. Simulizi la mahasimu wa Mensurius linasema kwamba Mensurius aliweka watu wenye viboko kwenye mlango wa gereza ili ndugu waliowaletea wafungwa chakula wasipite, na kwamba msimamizi wa kazi hiyo alikuwa shemasi wake, Caecilianus.

Je, ilikuwa kweli? Walioandika ni mahasimu wake, na simulizi lilivyotufikia limechongwa kwa vita vya baadaye. Mimi siwezi kulitumia kumhukumu mtu. Lakini mama aliyerudishwa mlangoni na kikapu chake, au aliyesadiki tu kwamba jirani yake alirudishwa, hawezi kumwona Caecilianus akipanda kiti cha uaskofu akanyamaza. Ukiliondoa hilo utaona ugomvi wa madaraka peke yake, na hutaelewa kwa nini maelfu ya watu wa kawaida walishikilia upande wao kwa zaidi ya miaka 100.

Mensurius aliitwa Roma kujibu kesi, kwa kuwa alikuwa amemficha shemasi mmoja. Kabla ya safari aliwakabidhi wazee wa kanisa vyombo vya dhahabu na fedha, na orodha yake akampa mama mmoja mzee kwa siri, akimwagiza kwamba asiporudi ampe atakayekuwa askofu baada yake. Alishinda kesi lakini akafa njiani akirejea. Ilikuwa karibu mwaka 311.

Caecilianus alichaguliwa, na mama yule akatimiza agizo. Wazee wakaitwa watoe vyombo. Walikuwa wamekwisha kuvitafuna. Kwa hiyo wakajiunga na mapadri wawili waliokuwa wameutamani uaskofu wakaukosa, na wote wakapata nguvu kwa Lucilla, mwanamke tajiri sana aliyekuwa na kisa chake. Kabla ya mateso Lucilla alikuwa na mfupa wa mtu aliyesemekana kufa shahidi, na kila alipokaribia Ekaristi aliubusu mfupa kwanza. Kanisa halikuwa limemtambua marehemu huyo. Caecilianus, akiwa shemasi, alimkanya. Lucilla akaondoka na aibu na hasira.

Haya ya vyombo na mfupa tunayapata kwa Optatus, askofu wa Milevis, aliyeandika nusu karne baadaye akiwa upande wa Caecilianus. Anapenda kuonyesha kwamba mfarakano ulizaliwa na hasira ya mwanamke, uchu wa wakubwa na tamaa ya mali. Nadhani ana kweli nyingi, ila maelezo ya aina hiyo yana hatari: yanaondoa swali la imani mezani na kuacha tabia za watu tu.

Kosa la utaratibu lilikuwepo. Maaskofu wa Numidia walitarajia kushiriki askofu wa Karthago anapowekwa. Watu wa Caecilianus hawakuwasubiri. Aliwekewa mikono haraka na Felix, askofu wa Aptunga, mji wa jirani. Numidia wakafika baadaye, maaskofu 70, Secundus akiwaongoza, wakakuta kiti kimekwisha kukaliwa. Hapo likazuka shtaka: Felix wa Aptunga alikabidhi Maandiko mwaka 303. Mkono wake ni mtupu. Aliyewekewa mkono mtupu hakupokea kitu.

Caecilianus alitoa jibu ambalo naliona la unyenyekevu: kama mnadhani Felix hakunipa kitu, basi niwekeeni mikono ninyi, kana kwamba ningali shemasi. Purpurius, askofu wa Limata, akasema aje tu kama anayekuja kuwekewa mikono, naye apasuliwe kichwa badala ya toba. Watu wa Karthago wakamzuia askofu wao asiende. Wale 70 wakamhukumu asipokuwepo, wakamweka Majorinus, msomaji aliyekuwa mtu wa nyumbani kwa Lucilla. Mji mmoja, maaskofu wawili, altare mbili.

Ni vema kuwatazama waamuzi hao. Karibu mwaka 305 baadhi yao walikutana Cirta, katika nyumba ya mtu kwa sababu makanisa yalikuwa hayajarudishwa, ili kumweka askofu mpya wa mji. Secundus akasema tujichunguze kwanza. Akaanza kuuliza mmoja mmoja. Donatus wa Calama alikiri kwamba aliwapa maofisa vitabu vya uganga wa tiba. Victor wa Rusicade alikuwa ameitupa Injili motoni, akajitetea kwamba maandishi yake yalikuwa yamefifia. Ikafika zamu ya Purpurius, aliyesemwa kuwa aliwaua watoto wawili wa dada yake. Hakukana. Alisema niliua, na ninawaua wanaonipinga, kisha akamgeuzia kibao Secundus: na wewe ulipokamatwa ukadaiwa vitabu, uliachiliwaje bila kutoa kitu? Mtoto wa ndugu yake Secundus akamwambia kwamba akiendelea wote watajitenga naye. Secundus akasema kila mtu atamjibu Mungu, ketini. Wakaitikia: Mungu ashukuriwe.

Aliyewekwa kuwa askofu wa Cirta siku hizo ni Silvanus, yule wa sanduku nyuma ya pipa.

Wapinzani wa Caecilianus walikuja kuipinga hati ya mkutano huo baadaye wakisema ni ya kubuni, na tarehe yake ina utata. Lakini hata ukiiweka pembeni, hati ya msako wa 303 inatosha kumweka Silvanus mahali pake. Watu waliosameheana makosa yao kimyakimya, kwa ajili ya amani, ndio walioona kosa lile lile, tena la kusingiziwa, kwamba linavunja uaskofu wa mwenzao. Hapa ndipo ninapokasirika. Msamaha wa Cirta ungetosha kabisa Karthago. Waliujua, walikuwa nao mkononi, wakaubania.

Mwaka 313 fedha ziliingia. Kaisari Konstantino, akiwa ameshaishika Afrika, alimwandikia Caecilianus kwamba atapewa folles 3,000 za kugawa kwa makasisi, kwa orodha iliyotumwa na askofu Hosius, na akawaondolea kazi za lazima za serikali makasisi wa kanisa ambalo Caecilianus anaongoza. Kwa barua hizo swali la nani hasa ni Kanisa likawa pia swali la nani analipwa na nani anasamehewa mzigo. Mwezi Aprili wapinzani walimpelekea liwali wa wakati huo, aliyeitwa pia Anullinus, mafurushi mawili ya mashtaka wakiomba Kaisari awape waamuzi kutoka Gallia, yaani Ufaransa ya leo, kwa kuwa huko baba yake Konstantino hakutesa Wakristo na hivyo hakukuwa na wakabidhi. Ombi hilo lilikuwa na mantiki. Lakini waliomwita Kaisari kwanza ni wao, na jambo hilo halikusahaulika.

Shauri lilisikilizwa Roma kuanzia 2 Oktoba 313, katika jumba la Laterano, mbele ya askofu Miltiades wa Roma, maaskofu 3 wa Gallia na 15 wa Italia. Kila upande ulileta maaskofu 10. Msemaji wa wapinzani alikuwa Donatus, mtu mwenye uwezo mkubwa, ambaye karibu wakati huo alimrithi Majorinus, na chama kikaitwa kwa jina lake: Wadonatisti. Alikiri kwamba amebatiza watu mara ya pili. Caecilianus hakupatikana na hatia. Miltiades akatoa masharti ya upole: maaskofu waliowekwa na Majorinus wapokelewe, na palipo na maaskofu wawili abaki aliyetangulia kuwekwa, mwenzake atafutiwe jimbo jingine. Sijui hukumu nyingi za karne ile zilizoacha mlango wazi namna hiyo. Walikataa, wakisema suala la Felix halikuchunguzwa.

Konstantino akaitisha mtaguso Arles, Ufaransa ya leo, tarehe 1 Agosti 314. Huko ndiko lilikotoka jibu la imani. Kanuni moja ilisema mkabidhi aliyethibitishwa kwa kumbukumbu za serikali, si kwa maneno matupu, aondolewe katika daraja. Lakini wale aliowawekea mikono, wakiwa wanastahili, daraja yao isidhuriwe. Nyingine iliwaambia Waafrika waache desturi yao ya kubatiza upya: mtu akija kutoka kwa wazushi aulizwe imani yake, na ikionekana alibatizwa kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, awekewe mikono tu.

Soma kanuni ya kwanza mara mbili. Mkosaji haachwi, anaondolewa. Aliyepokea kwake haadhibiwi kwa kosa asilolijua. Mtaguso ulikata kamba mahali panapostahili.

Felix naye alichunguzwa Karthago kati ya 314 na 315. Upelelezi wake unasomeka kama kesi ya mahakama zetu. Shahidi mkuu alikuwa Alfius Caecilianus, mzee asiye Mkristo aliyekuwa hakimu wa Aptunga mwaka 303. Alisema msako ulifanyika, Felix hakuwepo mjini. Lakini kulikuwa na barua iliyobeba jina lake yeye mzee, iliyoonyesha kwamba Felix aliridhia vitabu vichukuliwe, hata akaonyesha ufunguo. Barua ikasomwa mbele yake. Akasikiliza mpaka mahali fulani, akasema: mpaka hapo niliandikisha mimi, maneno yanayofuata si yangu. Ikabainika kwamba Ingentius, aliyekuwa na kinyongo na Felix kwa ajili ya rafiki yake askofu wa Utica, ndiye aliyeongeza mkia ule. Aliponea mateso ya mahakama kwa sababu tu alikuwa diwani wa mji wake. Felix akasafishwa. Tarehe 10 Novemba 316 Konstantino, baada ya kuwasikiliza wote wawili Milano, akaandika kwamba Caecilianus hana hatia.

Kufikia hapo kisa kilikuwa kimekwisha kisheria. Kilichobaki kilifumuka kati ya watu wa Cirta wenyewe, tarehe 13 Desemba 320, mbele ya gavana Zenophilus. Shemasi Nundinarius aligombana na askofu wake Silvanus, na kwa hasira akafungua kila kitu. Hati ya msako wa 303 ikasomwa hadharani, viatu na vyote. Shahidi mmoja aliitwa Victor, mwalimu wa sarufi, jina na kazi zile zile za mtu aliyetoa vitabu 2 miaka 17 nyuma. Ikajulikana pia kwamba Lucilla alitoa folles 400 wakati Majorinus anawekwa. Zilitangazwa kuwa ni za maskini. Maaskofu waligawana, na mashahidi wakasema maskini hawakuona hata senti.

Stoo iliyokuwa na jozi 47 za viatu vya wanawake, na baada yake mchango wa maskini ulioishia mifukoni mwa waliojiita kanisa la watakatifu. Silvanus akapelekwa uhamishoni.

Lakini ushahidi huo, pamoja na uzito wake, haujibu swali la imani, na wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo wakidhani wamemaliza. Tuseme Felix angekuwa mkabidhi kweli. Caecilianus asingekuwa askofu? Wadonatisti walisema asingekuwa. Zaidi ya hapo, kila aliyeshirikiana naye duniani, Roma, Gallia, Asia, amenajisika. Mnyororo huo hauna mwisho. Mkono wa Felix unategemea mkono uliomwekea Felix, nao unategemea mwingine, na hakuna mwanadamu anayeweza kuufuata hadi kwenye chanzo na kurudi na uhakika. Mama anayeleta mtoto wake abatizwe atajuaje padri alifanya nini usiku wa msako?

Swali hilo kwetu ni hai. Nimeulizwa zaidi ya mara moja na watu wa vigangoni: padri aliyetufungisha ndoa, aliyembatiza mtoto wetu, ameacha upadri kwa kashfa, je, vilikuwa halali? Wanauliza kwa hofu ya kweli. (Wale wanaobatiza upya kwa kuwa hawakubali ubatizo wa watoto wana sababu nyingine kabisa, hao nawaacha nje ya kisa hiki.) Jibu ninalowapa ni la Arles, likiwa limefafanuliwa na Augustino, askofu wa Hippo, miaka 100 baadaye. Maji hupita kwenye mfereji wa jiwe, alisema, jiwe halioti kitu, lakini bustani inapata maji na kuzaa. Abatize Petro, ni Kristo anayebatiza. Abatize Yuda, ni Kristo anayebatiza.

Na Wadonatisti walijipinga wenyewe. Walipofarakana wao kwa wao, maaskofu wao 310 walikutana Bagai mwaka 394 wakawahukumu waliojitenga kwa maneno makali ajabu. Muda si mrefu wakawapokea tena baadhi yao, Felicianus wa Musti na Praetextatus wa Assuras, pamoja na watu waliobatizwa nao wakiwa nje, bila kuwabatiza upya. Augustino hakuacha kuwakumbusha. Kwa imani yao wenyewe, wasingeweza kufanya hivyo.

Ningependa sana kisa kiishie kwenye hoja hii, kwa sababu naiamini. Hakikuishia hapo. Tangu 317 serikali ilianza kuwanyang'anya Wadonatisti makanisa, na Karthago watu waliuawa ndani ya nyumba ya ibada. Konstantino aliona haifai, akaacha mwaka 321. Mwaka 347 wajumbe wa Kaisari mwingine, Paulus na Macarius, walifika na fedha za sadaka, na Donatus akauliza swali lililobaki: Kaisari ana nini na Kanisa? Kutoka kwa mkuu wa chama kilichomwandikia Kaisari mwaka 313 swali hilo lina doa lake, lakini halikosi haki. Askari wakaitwa, damu ikamwagika Bagai, na wafiadini wapya wakapatikana. Upande wa Wadonatisti nao, magenge yaliyoitwa circumcelliones yalipiga na kuua. Padri mmoja Mkatoliki, Restitutus, aliuawa, mwenzake Innocentius akang'olewa jicho na kukatwa kidole. Augustino aliwaombea wauaji hao wasilipizwe damu kwa damu.

Kisha neno likabadilishwa. Wadonatisti walisali kwa imani ile ile, Utatu ule ule, Maandiko yale yale. Kwa lugha ya Kanisa huo ni mfarakano, hauitwi uzushi. Lakini sheria kali za Kaisari zilikuwa juu ya wazushi, zenye faini ya ratili 10 za dhahabu kwa makasisi wao. Askofu wao wa Calama, Crispinus, alihukumiwa kwa sheria hiyo baada ya askofu Mkatoliki wa mji huo kushambuliwa njiani. Augustino akafundisha kwamba mfarakano uliozeeka ni uzushi, na mwaka 405 amri ya Kaisari Honorius ikawaweka rasmi katika kundi hilo. Jina la mzushi hapa lilifanya kazi ya ufunguo: lilifungua mlango wa faini na uhamisho.

Nampenda Augustino, na kwa hoja ya ubatizo nasimama naye bila kusita. Hapa siwezi kumfuata. Mwanzoni yeye mwenyewe hakutaka mtu alazimishwe. Mwaka 408 alimwandikia Vincentius kwamba kilichombadilisha ni mifano, wa kwanza mji wake wa kuzaliwa: ulikuwa wote upande wa Donatus, na hofu ya sheria ikaurudisha. Aliona matunda akaukubali mti. Lakini aliyefundisha kwamba Kristo hubatiza hata kwa mkono wa Yuda alikuwa na sababu kuliko yeyote ya kumwachia Kristo nafasi ya kufanya kazi bila mkono wa Kaisari.

Juni 411 pande zote ziliitwa Karthago, maaskofu wapatao 285 kila upande, mbele ya Marcellinus, ofisa wa Kaisari. Wadonatisti walikataa kuketi, kwa kuwa zaburi inasema sikuketi pamoja na watu wa ubatili. Basi Marcellinus naye akasimama. Waandishi wa hati mkato walichukua kila neno, na kila msemaji akatia sahihi chini ya maneno yake. Kisa cha Caecilianus na Felix kikafunguliwa upya, hati kwa hati. Tarehe 26 Juni hukumu ikatoka dhidi ya Wadonatisti, na mwaka uliofuata faini zikapangwa kwa kila daraja la watu.

Mmoja wa wasemaji wao wakuu alikuwa Emeritus, askofu wa Caesarea, ambayo ni Cherchell ya leo nchini Algeria. Septemba 418 Augustino alifika mji huo, akamkuta, akamkaribisha kanisani. Watu walijaa, wakitamani wapatane. Augustino akamwomba aeleze mbele yao kwa nini bado hajarudi kama alikwisha kushindwa Karthago. Emeritus akajibu kwamba kumbukumbu zinaonyesha kama nilishindwa au nilishinda, kama nilishindwa na ukweli au nilikandamizwa na mamlaka. Augustino akamuuliza: mbona basi umekuja? Akasema, ili niyaseme haya unayoniuliza. Augustino akahutubia mpaka mwisho, akasoma hati, akafafanua. Emeritus alisimama pale pale mbele ya watu wote, na hakutoa hoja nyingine tena.